Mtaa Uliochoka Kisheria

Nchi ya Mchoroni haionekani katika ramani, na wenyeji wake hawataki mtu aseme kwamba imesahauliwa. Wao husema ramani yao bado inajadiliwa. Waliowahi kufika huko ni wachache, na wengi wao hawapendi kuhadithia. Mwanamke mmoja, jina lake Sikudhani binti Mfaume, alifika, akakaa, akarudi, na haya ndiyo yaliyomkuta.

Alikuwa mjane wa makamo, muuza vitambaa, mwanamke wa maneno machache na shingo ngumu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake Athmani. Alimkogesha, akampeleka chuoni kwa kumshika mkono, na alipokua akamtafutia fundi mwashi mzuri amfundishe kujenga. Athmani akatokea kuwa mwashi hodari. Akampata mke katika nchi ya Mchoroni, akahamia huko, na kwa miaka mingi habari zake zikawa za kuokota kwa wapita njia. Mwishowe ukaja ujumbe wake wa furaha: mtaa wao, ulioteuliwa kuhuishwa, umekaribia zamu yake. Zitajengwa nyumba mpya za ghorofa, zenye maji ndani na madirisha mapana. Dada aje aione neema hiyo kabla hawajahama. Sikudhani alifunga duka, akashona mapazia ya kutosha madirisha hayo mapana, akaenda.

Alipofika Mtaa wa Chokaa alidhani amepotea njia. Nyumba zilikuwa zimeinamiana. Majani yameota juu ya mapaa, milango imefungiwa kamba badala ya bawaba, na lipu imebanduka kwenye kuta hadi tofali zinaonekana kama meno yasiyo na ufizi. Lakini watu walikuwa nadhifu, wakisalimiana kwa adabu na kutembea polepole katikati ya barabara, mbali na kuta. Kilichomshangaza zaidi ni ukimya. Hakusikia nyundo wala msumeno. Katika mtaa mzima uliokuwa ukianguka, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akishikiza chochote.

"Shikamoo dada," alisema Athmani mlangoni, na Sikudhani alichelewa kuitikia, maana mdogo wake alikuwa amezeeka kumpita yeye.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuwa hivi?"

"Ni furaha ya kungoja," alisema Athmani, akacheka kidogo.

Mkewe Zawena alimpokea wifi yake mizigo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya upole na kikohozi kikavu alichokuwa akikimezea kila alipotaka kusema. Wakamtembeza nyumba. Chumbani kwao ukuta wa nyuma ulikuwa umetoa tumbo. Ufa ulishuka kutoka darini hadi chini, mpana wa kuingiza kiganja, na unyevu ulikuwa umeugeuza rangi kuwa ya kijani. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mbali nao, kikasogezwa tena, hadi kikabana mlango na hakikuwa tena na pa kwenda.

"Na mapazia haya nimtungikie nani?" aliuliza Sikudhani.

Zawena aliyapapasa, akausifu ushonaji wake, kisha akapanda juu ya kitanda na kuyafunga chini ya dari, ili vumbi na vipande vya chokaa visimwangukie usoni akilala.

Kesho yake Athmani alimchukua dada yake kwenda kuona nyumba mpya. Hawakwenda kwenye kiwanja. Walikwenda kwenye jumba kubwa la mawe lililoitwa Nyumba ya Mfano, jengo pekee lililosimama wima katika mji ule. Ndani mlikuwa na ubaridi mzuri na taa zisizozimika. Juu ya meza ndefu ulikuwa umelazwa mji mzima uliotengenezwa kwa mbao laini na makaratasi magumu: maghorofa meupe, bustani za sufi ya kijani, barabara pana, na vijitu vidogo vya udongo vikitembea wawili wawili bila haraka. Walinzi waliuzunguka mji huo wakiupangusa vumbi kwa manyoya ya mbuni.

"Ile pale, dirisha la tatu, ndiyo yetu," alisema Athmani kwa sauti ya msikitini.

Sikudhani aligundua hapo kwamba mdogo wake alikuwa ameajiriwa katika jumba hilo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mfano: kupaka rangi upya kuta za karatasi zilizofifia, kugandisha paa lililobanduka, kunyoosha ghorofa lililopinda. Alikuwa akisifiwa sana. Nyumba ya karatasi ikipata ufa asubuhi, adhuhuri Athmani alikuwa ameshauziba.

"Na hii itajengwa lini?" aliuliza Sikudhani.

Mlinzi mmoja aligeuka akamtazama. Athmani akamvuta dada yake pembeni.

"Dada, hapa hatuulizi 'lini'. Tunauliza 'ngazi ya ngapi'. Kibali kina ngazi zake. Sisi tuko ya nne. Wapo walio ya kwanza tangu babu zao."

"Na ninyi mlianza lini?"

Athmani alifikiri. "Nilikuwa nimeoa juzi juzi," akasema.

Njiani akamweleza Sheria ya Uchovu, kama mtu anayemweleza mgeni nguzo za dini. Mchoroni mtaa hauwezi kuhuishwa mpaka utangazwe kuwa umechoka. Na ukishatangazwa, ni marufuku kuutengeneza. Anayeziba paa anaficha uchovu, na anayeficha uchovu anaudanganya umma. Zaidi ya hapo, kuna haja gani ya kuziba kitu kitakachobomolewa? Basi watu huacha. Mtaa ambao haukuwa umechoka sana ulipotangazwa, huchoka kwelikweli baada ya kutangazwa, na jambo hilo huonekana na wote kuwa ushahidi wa jinsi wakubwa wanavyoona mbali.

Uchovu wenyewe ulikuwa na mpimaji wake, Bwana Hemedi Lugongo, mtu mpole mwenye kofia safi na sauti ya tabibu. Alipita Mtaa wa Chokaa Sikudhani akiwapo. Aliingia nyumba moja moja, akivua viatu mlangoni, akibonyeza kuta kwa kidole gumba. Kidole kikizama, alitikisa kichwa kwa kuridhika na wenye nyumba wakapumua. Chumbani kwa Athmani alisimama mbele ya ule ukuta muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayetazama bahari.

"Bi Zawena, tafadhali kohoa," alisema.

Zawena akakohoa.

"Hicho ni kikohozi cha humu ndani, au umekuja nacho kutoka kwa wazazi wako?"

"Ni cha humu ndani, Bwana Mpimaji."

"Vizuri. Kinahesabika."

Jioni ile majirani walikuja kumpongeza Athmani kwa ukuta wake. Aliyetangulia alikuwa mzee Machano, jirani wa mlango wa pili, mtu wa heshima ambaye mama yake mzazi alifariki akingoja ngazi ya tatu. Alikaa barazani, kwa tahadhari, kwa kuwa baraza nayo ilikuwa imelegea, akasimulia kwa wivu kwamba Mtaa wa Mivumoni wameangukiwa na dari katikati ya harusi. "Wale watatupita," alisema. "Siku hizi wanapanda haraka sana." Hakuwa akifanya mzaha. Sikudhani alimtazama kila mmoja usoni akitafuta anayejizuia kucheka, hakumpata.

Alivumilia, lakini shingo yake haikuwa ya kuvumilia sana. "Nipeleke kwa hao wanaotoa kibali," alimwambia mdogo wake, na Athmani, aliyezoea tangu utotoni kutobishana naye, akampeleka.

Baraza la Vibali lilikuwa likikaa siku hiyo kuujadili Mtaa wa Chokaa, na majirani wengi, mzee Machano akiwamo, walikuwa wamekuja kusikiliza. Walianza kusema Wahuishaji, ndio matajiri watakaojenga, watu wenye viatu visivyojua matope. Hapo mwanzo, Athmani alimnong'oneza dada yake, wao walikuwa wameahidi kwamba wenyeji wote watarudi katika nyumba mpya. Baadaye ikawa wenyeji watapewa ghorofa za chini. Kisha ghorofa moja. Siku hiyo msemaji wao alisimama akaeleza kwa masikitiko kwamba gharama zimepanda, kwa hiyo wenyeji watapewa nafasi ya kufikiriwa.

Sikudhani alimgeukia mdogo wake. "Umesikia?"

"Kufikiriwa si haba, dada. Mitaa mingine haifikiriwi."

Akafuata mtaalamu wa vivuli, aliyeeleza kwamba maghorofa mapya yatadondosha kivuli juu ya sanamu ya mwanzilishi wa Baraza kila alasiri, na kwamba haijulikani kama sanamu ingependa. Mjadala ukachukua muda wote wa asubuhi. Halafu akasimama mzee mmoja mwenye joho jeupe, aliyeitwa Wakili wa Wajao. Kazi yake ilikuwa kuwasemea watu watakaozaliwa, kwa kuwa nyumba hujengwa kwa ajili yao nao hawawezi kuhudhuria.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "wateja wangu wana mashaka na madirisha. Wajao hawajaamua kama watapenda jua la asubuhi au la jioni. Naomba shauri hili lisubiri mpaka waamue."

"Wataamua lini?" aliuliza mjumbe mmoja, akaonekana kujutia swali lake hapo hapo.

"Wateja wangu hawana haraka, Bwana Mwenyekiti. Na kwa kuwa hawajazaliwa, hawajapata nafasi ya kukosea. Sijui kama waliopo wanaweza kusema hivyo."

Ukumbi ukanong'ona kwa kukubali. Sikudhani akauliza kwa sauti ndogo, "Na wakili wa waliopo ni nani?"

Mtu wa kiti cha mbele aligeuka, akamjibu kwa ukarimu. "Mama, waliopo wa nini wakili? Si wapo?"

Shauri likaahirishwa. Lakini palikuwa na chumba cha pili, na Athmani hakutaka kumpeleka huko. Sikudhani aliiona foleni fupi mlangoni, akauliza, akaambiwa hapo ndipo kwa Msikilizaji Mkuu, ambaye sheria inamtaka amsikilize yeyote mwenye la kusema. "Dada, tuondoke," alisema Athmani. Sikudhani alikuwa ameshaingia.

Msikilizaji Mkuu alikuwa mzee mwenye uso wa huruma, ameketi juu ya kiti cha chini ili asiwatishe watu. Sikudhani akasema yaliyokuwa moyoni. Alisema ukuta wa mdogo wake unaelekea kuanguka. Alisema mke wa mdogo wake anakohoa, na kikohozi hicho anakijua, mumewe marehemu alikuwa nacho. Alisema haombi ghorofa wala dirisha, anaomba ruhusa ya chokaa na mchanga, na mwashi wa kushika mwiko wanaye. Mzee yule alimsikiliza kama ambavyo Sikudhani hajapata kusikilizwa na binadamu. Aliinama mbele asipitwe na neno. Alipofika kwenye habari za kikohozi, machozi yalimtoka mzee, akayaacha yatiririke.

Sikudhani aliponyamaza, karani akagonga kengele. "Amesikilizwa," akatangaza.

"Nasubiri jibu," alisema Sikudhani.

Msikilizaji Mkuu alimtazama kwa huzuni kubwa, hakusema kitu. Karani akamwonyesha mlango.

Nje Athmani alikuwa amekaa juu ya ngazi, kichwa mikononi. "Wewe mgeni, hukujua," alisema. "Sheria inamkataza kujibu. Na Mchoroni, aliyesikilizwa amekubali. Sasa imehesabiwa kwamba nyumba yetu imeshaulizwa na imeridhia kila kitu. Ndiyo maana watu wenye busara hapa hawaendi kusema."

Walirudi nyumbani.

Haikupita siku nyingi, asubuhi Zawena akiwa jikoni anakanda unga, tumbo la ukuta lilipasuka. Bonge la udongo na mawe liliyachana mapazia, likatua juu ya mto wake, mahali ambapo kichwa chake kilikuwa kimelala alfajiri ile. Zawena alikuja akasimama kizingitini akapatazama. Hakulia. Alikohoa, akakung'uta mto, akataka kuurudisha.

"Acha," alisema Sikudhani. "Chokaa inauzwa wapi?"

"Wifi, tutaharibu."

"Kuna nini cha kuharibu? Nimekuuliza inauzwa wapi."

Chokaa haikuwa ikiuzwa kwa ujenzi, ila ilikuwa ikiuzwa kwa kupaka mashina ya miti ya Baraza. Sikudhani akanunua ya miti. Mchanga waliuchota bondeni kwa ndoo, mchana kweupe, mbele ya macho ya mtaa. Walibomoa sehemu iliyooza, wakaanza kupanga mawe kadiri walivyojua, na hawakujua sana. Mstari wao ulikwenda ukipanda na kushuka. Athmani aliporudi kutoka kazini aliwakuta wameenea mavumbi mpaka kwenye nyusi. Alisimama pale mlangoni, kidole chake kina gundi ya nyumba za karatasi. Sikudhani alijiandaa kugombana naye.

Athmani alivua shati, akalitundika, akachukua mwiko mkononi mwa dada yake. Aliubomoa ule mstari wao mbaya, akaanza upya kutoka chini.

Siku zile alizokuwa akiujenga ukuta ndizo Sikudhani alizozikumbuka baadaye kuliko zote. Athmani alikuwa akirudi mbio kutoka kazini. Alipiga mluzi. Alimkemea dada yake kwa kukoroga chokaa nyepesi, naye Sikudhani akafurahi kukemewa. Lipu ya mwisho aliipiga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemkanda mtoto mgongo. Ukuta ukasimama mweupe, wima, mkavu. Kitanda kikarudi mahali pake, na mlango ukafunguka wote. Baada ya muda kikohozi cha Zawena kilipungua, akawa analala usiku hadi asubuhi, na uso wake ukaanza kushika nyama.

Majirani walikuwa wakija kuchungulia. Hawakusema neno baya. Walinyoosha mikono wakaugusa ukuta, wakaondoka. Mwanamke mmoja alirudi mara ya pili akauliza kwa kunong'ona kama chokaa imebaki.

Ndipo akaja Bwana Lugongo.

Alivua viatu. Aliingia chumbani, akabonyeza ukuta kwa kidole gumba, kidole kikagoma. Akabonyeza pengine, kikagoma. Akatoa leso akajifuta chokaa kwenye kidole, akaketi ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Ukuta mzuri," alisema. "Ni mkono wako, Bwana Athmani. Naufahamu."

"Nitozeni faini," alisema Sikudhani. "Nimefanya mimi."

"Mama, sisi hatumwadhibu mtu. Sisi tunapima tu." Aligeuka akasema kwa upole ule ule, ila kwa sauti ya kufika barazani, ambako watu walikuwa wamejaa. "Uchovu wa mtaa hupimwa kwa ujumla wake. Nyumba moja ikipona, mtaa mzima umepungukiwa. Nasikitika kwamba nitalazimika kuurudisha Mtaa wa Chokaa ngazi ya kwanza."

Hakuna aliyepiga kelele. Sikudhani alisikia tu pumzi za watu zikishuka, kama gunia linalotuliwa chini.

"Ila leo ni siku ya kupima," aliendelea Bwana Lugongo akivaa viatu, "na siku haijaisha. Nina nyumba nyingine za kutazama. Nitapita tena hapa kabla sijaondoka, na nitaandika kile nitakachokikuta."

Akaenda. Watu wakabaki. Mzee Machano aliingia ndani akiwa na sururu, ameishika kwa chini, kwa aibu, kama anayeficha kitu. Nyuma yake walikuwa wengine, na yule mwanamke wa chokaa alikuwamo.

"Bi Sikudhani," alisema Machano, "wewe ni mgeni wetu na dada wa jirani yetu. Hatuna ugomvi nawe. Lakini mama yangu alikufa akingoja ngazi ya tatu, na mimi nilimwahidi kaburini kwamba hakungoja bure. Ukuta huu ukisimama, mama yangu alingoja bure. Nakuomba utupishe."

"Mzee Machano, nyumba hiyo haipo. Wametoa neno la kufikiriwa tu. Mlikuwapo, mlisikia."

"Tulisikia."

"Kwa hiyo mnabomoa kilichopo kwa ajili ya kisichokuwapo."

Machano alifikiri, kwa uaminifu, maana alikuwa mtu mwaminifu. "Tumekwisha kukaa sana, dada yangu," alisema. "Mtu akishangoja kiasi hiki, hawezi tena kuuliza anangoja nini. Akiuliza, atabaki na nini?"

Sikudhani alikwenda akasimama mbele ya ukuta, mgongo wake umeigusa lipu. Zawena akaja akasimama karibu naye. Machano hakuthubutu kusogea. Hakuwa mtu wa kumgusa mwanamke wa watu.

Aliyesogea alikuwa Athmani. Alitoka pembeni alipokuwa amesimama muda wote, akamjia dada yake. "Dada, tafadhali," alisema.

"Sitoki, Athmani. Umeujenga kwa mkono wako."

"Najua."

Alimshika mabega, bila nguvu, akamwondoa ukutani, na Sikudhani, ambaye alikuwa tayari kusukumana na mtaa mzima, akajikuta hana nguvu za kusukumana na mikono ile. Kisha akamwondoa Zawena. Akanyoosha mkono kwa Machano, akapokea sururu, akapiga pigo la kwanza mwenyewe. Alijua mahali pa kupiga. Ukuta mzuri hauanguki ovyo. Ilimbidi apige mara nyingi, na kila jiwe lililotoka lilitoka zima. Majirani walimsaidia kutoa kifusi nje. Wengine walikuwa wakilia huku wakibeba.

Bwana Lugongo aliporudi aliingia na viatu. Palikuwa hapana tena ukuta wa kubonyeza. Mwanga wa jioni uliingia moja kwa moja, na upande mmoja wa paa ulikuwa umeshuka. Alitazama juu, akatazama chini, akamtazama Athmani aliyejaa vumbi, na ilionekana ameguswa.

"Kwa miaka yangu yote sijaona mtaa wenye moyo kama huu," alisema. "Nitawaombea ngazi ya tano."

Watu wakapiga makofi taratibu, wasije wakaangusha kingine.

Sikudhani alifunga mizigo yake asubuhi iliyofuata. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha kuliko hasira. Alipotoka barazani alimkuta Zawena ameketi na kifurushi cha nguo magotini, amejifunga ushungi wa safari. Mvua ya rasharasha ilikuwa imemnyeshea kitandani usiku, na kikohozi kilikuwa kimerudi.

Athmani alikuwa amesimama mlangoni. "Anayeondoka hufutwa, Zawena," alisema. "Sheria haina huruma kwa hilo. Zikijengwa, hutakuwa na chumba katika nyumba mpya."

"Nimeshakaa humo vya kutosha," alisema Zawena.

Sikudhani alimsogelea mdogo wake, akamfuta vumbi la chokaa lililobaki kwenye sikio. "Twende sote," alimwambia. "Kwetu kuna kazi ya kujenga. Ya mawe. Utakula kwa mkono wako."

"Nani atabaki kulinda zamu?" alisema Athmani. "Tuko ya tano sasa, dada. Ya tano. Haiwezekani mtu aondoke ngazi ya tano." Macho yake yalikuwa yamekauka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Akamkumbatia dada yake, akamshika mkewe mkono kwa muda, kisha akatazama juu kuangalia jua, kwa sababu Nyumba ya Mfano ilikuwa ikifunguliwa mapema, na siku za mvua kuta za karatasi huvimba.

Wale wanawake wawili walifika kwao. Zawena aliuguzwa, akapona kwa kiasi cha mtu kupona. Sasa anauza vitambaa pamoja na wifi yake, na huelewana vizuri, ingawa zipo siku ambazo hawasemezani mpaka jioni na kila mmoja anajua kwa nini. Sikudhani hupeleka salamu kila anapomsikia mtu aelekeaye kule. Majibu hayaji, au huja kwa mdomo wa mtu aliyesikia kwa mwingine: kwamba Athmani yuko, anaishi chini ya kipande cha paa kilichobaki, na kwamba anasifiwa sana kazini.

Wateja wapya dukani, wakizoeana na Zawena, humwuliza kama ni mjane. Yeye hukunja kitambaa kilichomo mkononi, akakiweka juu ya vingine, ndipo ajibu.

"La," husema. "Mume wangu anajengewa nyumba."